Tope Likikaa, Gesi Huja: Namna ya Kuamua Mahali Biogesi Itengenezwe

Kila anayeshughulika na tope la majitaka, awe fundi wa kituo cha mji au mtunzaji wa tangi la shule ya bweni, anao mtambo wa biogesi hata kama hakuujenga. Tope likikusanyika mahali pasipofikiwa na hewa, vijidudu vilivyomo huanza kulila, na mlo huo hutoa gesi. Gesi itatokea tu. Kilicho mikononi mwa mwendeshaji ni mahali pa kutokea kwake. Ikitokea ndani ya tangi lililofunikwa, lenye bomba na kipimo, ni nishati. Ikitokea ndani ya bomba lililofungwa pande zote mbili, au chini ya mfuniko wa shimo ambalo kibarua ataingia kesho asubuhi, ni hasara au ni msiba. Mwongozo huu unalifuata tope kutoka linapotuama hadi linapokauka, na unakaa zaidi kwenye tangi la kumeng'enya, yaani tangi ambamo vijidudu huachwa vilile tope, kwa kuwa huko ndiko kazi nyingi iliko.

Kinachotokea ndani ya tope

Tope hugeuzwa kuwa gesi na makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Kundi la kwanza huvunja mafuta, protini na wanga kuwa vipande vinavyoyeyuka majini; la pili huchachusha vipande hivyo vikawa asidi za aina mbalimbali; la tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dayoksaidi; na la mwisho hutengeneza methani. Tope lililomeng'enywa vizuri hutoa gesi yenye methani asilimia 60 hadi 65, kaboni dayoksaidi asilimia 30 hadi 35, mvuke wa maji, na haidrojeni salfaidi kidogo, ambayo ndiyo yenye harufu ya yai viza.

Mwendeshaji anapaswa kujua kwamba makundi haya hayaendi mwendo mmoja. Waundaji wa asidi huongezeka maradufu ndani ya saa chache, ilhali waundaji wa methani huhitaji siku kadhaa, na kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Tangi likilishwa kwa pupa, asidi hurundikana kabla ya wa mwisho kuwahi kuila, tope huwa chachu, na uchachu huo huwadhoofisha haohao waliokuwa wauondoe. Karibu kila tangi lililoharibika ambalo nimeitwa kulitazama lilikuwa na historia hiyo, ingawa waliolisimamia walikuwa wakililaumu joto, pampu au mkandarasi.

Kuzuia gesi mahali isipotakiwa

Anza na tangi la kutuamishia, ambamo majitaka hutulia na tope likazama chini. Tope likiachwa chini yake kwa siku nzima katika hali ya joto la Dar es Salaam au Mombasa, huanza kuchacha, viputo hulibeba, na mabonge meusi huibuka juu ya maji yaliyokuwa yameanza kusafika. Dawa yake ni kulitoa tope kidogo kidogo mara nyingi kwa siku badala ya kulisubiri lijae. Tangi la kukolezea tope nalo halipaswi kulishikilia zaidi ya siku moja hadi mbili, na kwenye joto kali, siku moja yatosha.

Hata hivyo, si kila tope linaloelea limechacha. Katika tangi la mwisho la kutuamishia, baada ya hatua ya kupulizia hewa, tope linaweza kuinuliwa na naitrojeni inayotokana na nitrati, na tiba yake ni tofauti. Chota tope hilo katika chupa ya kioo, liache litulie kivulini, kisha lichungulie kila nusu saa. Likituama vizuri, likabaki na rangi ya kahawia bila harufu, halafu baada ya saa moja au mbili likapanda lote kwa pamoja kama andazi linaloumuka, hiyo ni naitrojeni. Likiwa jeusi tangu mwanzo na linanuka, limekaa mno, na hapo ndipo pa kuongeza kasi ya kulitoa.

Mabomba yanahitaji tahadhari ambayo vitabu vingi huitaja kwa mstari mmoja tu. Usifunge kamwe valvu za pande zote mbili za bomba lililojaa tope na kuliacha hivyo. Tope lililomo litaendelea kutoa gesi isiyo na pa kwenda, na shinikizo litapanda siku baada ya siku. Katika kituo kimoja kidogo, fundi alilegeza nati za pampu iliyokuwa imefungwa kwa majuma matatu, akapigwa kifuani na tope lililotoka kwa kishindo; alisalimika kwa sababu alikuwa amesimama ubavuni mwa kiungo. Bomba likiwa halitatumika, lisukumie maji safi, kisha acha upande mmoja wazi kuelekea tangi lenye tundu la hewa. Kabla ya kufungua kiungo chochote, legeza kwanza tundu dogo la kutolea shinikizo.

Miji mingi ya Afrika Mashariki hutibu majitaka kwa mabwawa, kama yale ya Ruai yanayohudumia Nairobi. Bwawa la kwanza lenye kina kirefu ni tangi la kumeng'enya lisilo na paa: viputo unavyoviona vikipasuka juu yake vina methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Linaweza kufunikwa kwa turubai ya plastiki na gesi ikakusanywa. Kituo cha Werribee nje ya Melbourne, Australia, hufanya hivyo na kuzalisha umeme.

Kukadiria gesi kabla ya kujenga

Nimeona watu wakinunua jenereta kwanza na kupima tope baadaye. Fanya kinyume chake. Chukua sampuli, ikaushe kwa nyuzi 105 upate uzito wa yabisi, kisha ichome kwa nyuzi 550. Kilichopotea katika kuchoma ndicho chakula cha vijidudu, na majivu yanayobaki ni mchanga na madini yasiyoliwa.

Tuseme kituo kinatoa meta za ujazo 20 za tope kwa siku, lenye yabisi asilimia 5. Hiyo ni kilo 1,000 za yabisi. Ikiwa asilimia 75 huungua, chakula ni kilo 750. Tangi linaloendeshwa vizuri humeng'enya takriban nusu yake, yaani kilo 375, na kila kilo iliyomeng'enywa hutoa kati ya meta za ujazo 0.75 na 1.1 za gesi. Ukichukua 0.9, unapata karibu meta za ujazo 340 kwa siku. Gesi hiyo ina joto la takriban kilowati-saa 2,100, na jenereta inayogeuza theluthi moja ya joto kuwa umeme itakupa uniti kama 700. Tangi la kukaa siku 20 litakuwa na ujazo wa meta 400, na mzigo wake utakuwa karibu kilo 1.9 za chakula kwa kila meta ya ujazo kwa siku, mzigo unaobebeka ikiwa tangi linapashwa joto na kukorogwa. Tangi lisilokorogwa wala kupashwa joto lipewe nusu ya hapo au pungufu.

Usijenge hesabu yako juu ya tope lililonyonywa na magari kutoka kwenye mashimo ya vyoo ya miaka mingi. Sehemu kubwa ya chakula chake ilikwisha kuliwa hukohuko shimoni, na gesi ilikwisha kwenda zake. Tope bichi la kila siku ndilo lenye faida, na ndiyo maana matangi yaliyounganishwa moja kwa moja na vyoo yamefanya vizuri, kama vile vituo vya vyoo vya Kibera, Nairobi, ambako gesi huwasha majiko ya jumuiya, na magereza ya Rwanda, ambayo mitambo yake ilitunukiwa Tuzo ya Ashden mwaka 2005 kwa kupikia wafungwa na kupunguza kuni.

Kuanzisha na kulisha

Jaza tangi maji au majitaka, kisha weka mbegu: tope kutoka tangi jingine linalofanya kazi, au, likikosekana, samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji na kuchujwa majani. Mbegu ifike angalau sehemu moja ya kumi ya ujazo wa tangi. Ikizidi, ni bora. Anza kulisha kwa takriban kilo 0.3 hadi 0.5 za chakula kwa meta ya ujazo kwa siku, na upandishe kila juma ikiwa vipimo vinaruhusu. Gesi ya mwanzo haiwaki, kwa kuwa imejaa kaboni dayoksaidi na hewa iliyokuwemo tangini. Itoe juu, mbali na moto, wala usiijaribu kwa kiberiti mdomoni mwa tangi. Kufikia mzigo kamili huchukua majuma sita hadi nane, na pengine zaidi.

Joto linalofaa kwa matangi mengi ni nyuzi 35 hadi 37. Pwani, ambako majitaka yenyewe huwa na vuguvugu, tangi lisilopashwa joto linaweza kufanya kazi ya maana likipewa siku nyingi. Arusha au Nairobi siku hizo ziongezwe. Vijidudu huvumilia joto la chini kuliko vinavyovumilia joto linaloyumba, hivyo usiruhusu badiliko la zaidi ya nyuzi moja kwa siku. Lisha kidogo mara nyingi. Mtu anayemwaga lori zima la tope Jumatatu asubuhi kisha akanyamaza hadi Alhamisi hufanya kosa lilelile la kumlisha mtoto mchanga mlo wa juma zima kwa siku moja.

Koroga. Bila kukorogwa, mafuta na nyuzi hutengeneza ukoko juu, mgumu kama wa wali ulioungulia chunguni, na mchanga hujilaza chini. Kati yake hubaki njia nyembamba ambamo tope bichi hupita na kutoka likiwa bado bichi. Tangi la meta 400 lenye theluthi ya mchanga ni tangi la meta 270, hata kama mchoro ukutani unasema vingine. Chunga pia kinachoingia: dawa za klorini, viuavijasumu vya hospitali, na, katika miji ya pwani, maji ya bahari yanayopenya kwenye mabomba yaliyopasuka. Maji hayo yana salfeti nyingi, na vijidudu vinavyoila hushindana na waundaji wa methani na kutoa haidrojeni salfaidi badala yake.

Kupima afya ya tangi

Wengi hutegemea pH, yaani kipimo cha uchachu, peke yake. pH ni shahidi anayefika mahakamani hukumu ikisomwa. Tangi linapoanza kuugua, asidi hupanda kwanza na kula akiba ya alkali, ambayo ndiyo inayozimua uchachu. Kisha kaboni dayoksaidi huongezeka katika gesi. Gesi hupungua na moto huwa hafifu. Na mwisho kabisa, akiba ikiisha, pH huanguka chini ya 6.8. Kipimo cha kila siku kiwe uwiano wa asidi na alkali, na hakihitaji maabara kubwa.

Chukua mililita 20 za tope lililochujwa, liweke katika bika juu ya kikorogeo, zamisha kipima pH. Kwa bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za mililita, dondosha asidi salfuriki ya nguvu ya 0.1 N polepole hadi pH ifike 5.0, na uandike mililita ulizotumia. Endelea hadi 4.4, uandike mililita za nyongeza tu. Alkali ni zile za kwanza mara 250. Asidi ni zile za nyongeza mara 1.66, toa 0.15, kisha mara 500. Kwa mfano, ukitumia mililita 12 halafu 0.8, alkali ni 3,000 na asidi ni karibu 590, na uwiano wake ni 0.2. Chini ya 0.3 endelea kulisha. Ukipita 0.4, punguza mlo nusu, ukipita 0.6, acha kulisha kabisa hadi ushuke. Mwelekeo ndio wenye habari: tangi lililotoka 0.15 hadi 0.28 kwa siku nne linaugua, ingawa namba yenyewe bado iko ndani ya mpaka. Chora nukta hizo kwenye karatasi ya miraba ukutani, mahali ambapo mwenzako wa zamu ya usiku ataiona.

Tangi likishachacha, dawa ya kwanza ni njaa, na ya pili ni kurudisha tope lililokomaa kutoka mwisho wa mfumo au tangi jirani. Alkali ya kuongeza ni ya tatu, nayo ina mtego wake. Chokaa hunyonya kaboni dayoksaidi kwenye gesi. Ukiitia nyingi kwa mara moja, shinikizo tangini huporomoka, paa linaweza kuvutwa ndani, na hewa ikaingia mahali palipo na methani. Magadi, ambayo kila mpishi wa maharage anayajua, hunyonya pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Bikaboneti ya sodiamu hainyonyi, hivyo ni salama kuliko zote, ila bei yake ni kubwa. Utakachochagua, kiyeyushe kwanza majini, kitie kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mtu mmoja awe anaangalia manomita, kipima shinikizo la gesi, muda wote.

Kuishughulikia gesi ikishatoka

Gesi hutoka na joto na unyevu. Ikipoa bombani, maji hudondoka na kujikusanya penye bonde. Moto unaopepesuka, unaozima na kuwaka, mara nyingi si dalili ya tangi baya bali ya maji bombani. Laza mabomba kwa mteremko na uweke mtego wa maji katika kila sehemu ya chini, na uufungue kila siku. Uvujaji utafute kwa povu la sabuni.

Haidrojeni salfaidi hula vyuma na huharibu oili ya jenereta. Kwa mtambo mdogo, ipitishe gesi kwenye pipa lenye vyuma vilivyopata kutu, kama vile mabaki ya karakana ya mashine, kwa kuwa kutu huishika salfa. Kumbuka tu kwamba vyuma vilivyochoka, vikitolewa ghafla hewani, hupata joto na vinaweza kuwaka: vilowanishe maji kwanza na uvimwage mbali na majani makavu. Vituo vikubwa hutia kloridi ya chuma ndani ya tope lenyewe.

Gesi isiyotumika ichomwe kwenye mwenge, wenye kizuizi cha kuzuia moto usirudi bombani, mbali na tangi. Na unapotoa tope kutoka tangi lenye paa lisilosogea, usilitoe upesi kuliko gesi inavyojaza nafasi, kwa sababu tangi litavuta hewa. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 katika hewa hulipuka kwa cheche moja, na cheche hiyo yaweza kutoka kwenye swichi ya taa.

Kabla ya mtu yeyote kuingia

Karibu kila mwaka, mahali fulani katika nchi zetu, mtu huingia shimoni kuzibua, haitiki anapoitwa, mwenzake anashuka kumtoa, na wa tatu anawafuata. Pua haiwezi kumlinda mtu hapo. Haidrojeni salfaidi hunuka hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni, lakini ikikaribia 100 huua uwezo wa kunusa, hivyo harufu hutoweka hatari inapokua. Kuanzia 500 mtu anaweza kuzimia upesi, na ikifika 1,000 huanguka kwa pumzi moja au mbili. Ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Tena, shimo lililopimwa likaonekana salama laweza kugeuka mara tu buti linapolitibua tope, kama soda inavyofoka ikitikiswa.

Kazi inayowezekana kufanywa kutoka juu ifanywe kutoka juu. Ikilazimu kuingia, fungua mifuniko miwili, pulizia hewa safi kwa feni hadi chini na uiache ikifanya kazi, kisha shusha kipima gesi kwa kamba, ukisoma juu, katikati na chini. Soma oksijeni kwanza, kwa kuwa vihisio vingi vya gesi za kulipuka hudanganya oksijeni ikiwa haba. Oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, haidrojeni salfaidi isifike 10 katika milioni, na gesi ya kulipuka isifike sehemu moja ya kumi ya kiwango cha chini cha kulipuka. Anayeingia avae mkanda wenye kamba iliyofungwa kwenye kapi la miguu mitatu, abaki na kipima gesi kifuani, na wawili wabaki juu wakiwa wamekubaliana mapema kwamba hawatashuka kwa hali yoyote, bali watamvuta.

Baada ya tangi

Tope lililotoka tangini huendelea kutoa gesi kwa majuma kadhaa, hivyo tangi la akiba nalo lifunikwe na kuunganishwa na bomba la gesi, au kwa uchache liwe wazi kabisa, mbali na vyumba vilivyofungwa. Katika viungo vya mabomba ya kutokea huweza kuota fuwele nyeupe ngumu za magnesiamu, amonia na fosfeti. Zikatwe kabla hazijaziba.

Kabla ya kulimwaga tope kwenye vitanda vya kukaushia, jaza chupa ya plastiki theluthi mbili, vika mdomo wake puto, ifunge kwa uzi, na uiweke kivulini pamoja na chupa ya pili yenye tope bichi. Zitazame baada ya siku tatu. Puto la tope bichi litakuwa limesimama. La tope lililotoka tangini likiwa bado limelala ubavuni mwa chupa, mwaga. Likiwa nalo limeanza kuinuka, tope limetoka kabla ya siku zake. Pima kina cha mchanga tangini, kisha urudie hesabu ya siku kwa ujazo uliobaki.